Chai ya Januari

SURA YA SITA

"Siku moja," Mbuthia alisema. "Hiyo peke yake ingetosha kumharibia kila kitu."

Mbuthia alikuwa mshauri wa kodi, mtu wa miaka hamsini hivi, na ofisi yake ilikuwa ghorofa ya pili juu ya duka la dawa za mifugo mjini Kericho. Ilikuwa saa nne asubuhi lakini ukungu ulikuwa haujainuka. Dirishani hapakuonekana kitu isipokuwa taa za magari yaliyopita polepole. Mbele yake aliketi Nyanchoka, mpelelezi wa ofisi ya kodi kutoka Kisumu, daftari likiwa magotini.

"Nieleze kama mtu asiyejua sheria," Nyanchoka alisema.

"Madam, hiyo sheria unaijua kuliko mimi."

"Nataka kusikia vile ulimweleza Kipkurui."

Mbuthia akavuta faili kutoka kwenye droo. Lilikuwa nene na limepangwa vizuri, na alilifungua kwa fahari ya mtu anayefungua albamu ya harusi yake.

"Kipkurui alikuwa mchezaji wa poka. Si zile kamari za nyuma ya baa. Kazi. Anaamka, anakaa mbele ya kompyuta saa nane nzima, anaweka rekodi, anaishi kwa hiyo. Nilimwambia, ukishinda mara moja hiyo ni bahati. Ukiishi kwayo, ofisi yenu itaiita biashara. Na mkaazi wa Kenya anaulizwa kodi ya biashara yake hata kama wale aliowashinda walikuwa wamekaa ng'ambo."

"Ndiyo akaamua kuhama."

"Malta. Lakini kuhama si kupanda ndege tu. Ukibaki na makao ya kudumu hapa, halafu ukanyage Kenya siku moja katika mwaka, wewe ni mkaazi mwaka huo. Hata kama ulikuja kuzika shangazi ukarudi jioni. Ukiwa huna makao, hapo sasa tunahesabu siku: mia moja themanini na tatu katika mwaka, ama wastani wa zaidi ya mia moja ishirini na mbili kwa miaka mitatu. Kwa hivyo tulianza na nyumba. Ile yake ya huko Roret akamwandikia mama yake. Akapanga nyumba kule, akapata kibali cha kuishi. Karatasi zote ninazo."

"Nakala."

"Nakala, ndiyo. Zinakuja kwa barua pepe."

"Mara ya mwisho kumwona kwa macho yako ni lini?"

Mbuthia alirudi kwenye ukurasa wa kwanza wa faili. "Januari, mwaka wa elfu mbili ishirini na mbili. Tarehe kumi na moja. Alikuja na rafiki yake Zack, yule wa Mulot. Walikuwa wakicheza pamoja tangu chuo. Zack ndiye angempeleka uwanja wa ndege Ijumaa yake."

"Na baada ya hapo, umewahi kusikia sauti yake?"

"Mteja akilipa na akijibu barua, sauti ni ya nini?" Mbuthia alicheka. Alipoona amecheka peke yake, akafunga faili.

Nyanchoka hakumwambia kilichomleta. Mwezi uliopita ofisi yake ilikuwa imepata orodha ya mahali ambapo akaunti ya Kipkurui ya poka ilifunguliwa mwaka mzima. Siku mia mbili na kumi na moja ilifunguliwa Mulot, kwenye barabara ya Narok. Hata siku moja haikufunguliwa Malta. Mkubwa wake, Bwana Orina, alikuwa na jibu tayari: kijana amehama kwa karatasi tu. Amejificha kwa rafiki yake, na bila shaka hurudi kulala kwa mama. Kazi ya Nyanchoka ilikuwa kupata alama moja ya mtu huyo nyumbani kwao.

Aliipata kabla hata hajashuka garini.

Nyumba ilikuwa chini ya barabara ya udongo, maili mbili kupita soko la Roret, ikizungukwa na chai pande zote. Huku nako ukungu ulikuwa umelala. Sauti za wachunaji zilisikika zikizungumza na kucheka, lakini wenyewe hawakuonekana. Kikapu kilitokea juu ya majani, kikasogea kidogo, kikazama. Kwenye bomba la jiko la nyumba palitoka moshi. Kwenye kamba palianikwa mashati matano ya kiume, meupe, katika hewa ambayo haingeweza kukausha hata kitambaa. Kando ya mlango palikuwa na buti za mpira, gambuti namba kumi, zina tope la asubuhi hiyo.

Bwana Orina atafurahi, Nyanchoka aliwaza.

Mwanamke aliyefungua mlango alikuwa mfupi, amepita miaka sitini, kitambaa cha kijani kichwani.

"Chamgei, mama."

"Chamgei." Alimtazama. "Lakini wewe si wa hapa."

"Mimi ni wa Nyamira."

"Mkisii. Haya, ingia. Hata nyinyi mnakunywanga chai."

Huyu alikuwa Rebeccah, mama yake Kipkurui. Nyanchoka alionyesha kitambulisho chake cha kazi. Mama hakukisoma. Alimkaribisha kiti, akamwita mke wa mwanawe mkubwa, Cherotich, alete chai. Cherotich alikuja na birika, mtoto mchanga amefungwa mgongoni.

"Mama, nani anaishi nyumba hii?"

"Hakuna. Mimi nakaa ile ya juu na hawa."

"Moshi unatoka."

"Ni mimi nawashanga moto. Kila siku."

"Na mashati?"

"Nayafua Jumatatu. Huku kwetu nguo ikikaa bila kuguswa inaota ukungu. Sitaki akikuja apate zimeoza."

"Na hizo gambuti za mlangoni? Zina tope la leo."

Rebeccah alitoka nje, akavua malapa, akaingiza miguu yake midogo ndani ya gambuti. Zilikuwa zimejazwa magazeti hadi nusu. Alitembea hatua tatu uani, akarudi, akazivua.

"Ni zake," alisema. "Lakini tope ni yangu."

Nyanchoka aliingia chumba cha kulala, akaombwa radhi kwa vumbi ambalo halikuwepo. Alipapasa godoro. Lilikuwa baridi na limenyooka, halina shimo la mtu. Wembe wa kunyolea dirishani ulikuwa umeshikana kwa kutu. Aliinua mto, chini yake palikuwa na Biblia ya Kikipsigis, na ndani ya Biblia hapakuwa na kitu. Hapakuwa na mtu aliyelala hapa, si wiki hii wala mwaka huu. Alirudi sebuleni, akaketi.

"Kipkurui yuko wapi, mama?"

"Wewe unatoka kwa serikali," Rebeccah alisema. "Mimi ndiyo nilitaka kukuuliza."

Simu iliyokuwa mezani ikatetemeka. Rebeccah hakuigusa. Cherotich, aliyekuwa akimimina chai, aliacha kumimina. Kisha mama akaisukuma simu kwa kidole kimoja hadi mbele ya mgeni.

"Soma wewe."

Nyanchoka alisoma. *Habari ya asubuhi mama. Leo huku kuna baridi sana. Nitakutumia kitu wikendi. Mungu akulinde. Kipkurui.*

"Anaandika kila siku?"

"Kila wiki. Saa zingine mara mbili."

"Na wewe unamjibu nini?"

"Nilikuwa nikimjibu. Niliacha mwezi wa nne."

"Mwezi wa nne kulikuwa na nini?"

Mama alimtazama Cherotich.

"Mama, mwambie," Cherotich alisema. "Ama nimwambie mimi, mtoto ni wangu."

"Sema."

"Huyu alizaliwa mwezi wa nne," Cherotich alisema, akimpiga mtoto mgongoni taratibu. "Sisi kwetu mtoto anaitiwa majina ya watu wa nyumbani. Wale walikufa. Wamama wanakaa, wanataja moja moja, na mtoto akipiga chafya, basi huyo ndiye amerudi. Wanacheka, wanapiga vigelegele, tunakunywa maziwa. Kwa kanisa hawapendi lakini watu hufanya."

"Naelewa."

"Waliita babu ya bwana yangu. Kimya. Wakaita babu mwingine. Kimya. Waliita watu tisa, madam. Kuanzia asubuhi mpaka saa ya kukamua ng'ombe. Wakaongeza ugoro kwa pua, hakuna. Mama alikuwa amechoka. Akasema tu, kama mtu anaongea peke yake: Kipkurui."

"Sikutaka kusema," Rebeccah alisema. "Ulimi ulienda."

"Na mtoto?"

"Mara mbili," Cherotich alisema. "Chafya mara mbili. Na hakuna mtu alicheka. Mtu hawezi kurudi kama hajaenda. Wamama walichukua leso zao wakatoka mmoja mmoja. Maziwa ikabaki."

"Pasta alisema ni moshi ya kuni," Rebeccah alisema.

"Moto ulikuwa umezimwa, mama."

Nyanchoka aliangalia kalamu yake. Alikuwa ameandika *Aprili* na hakuna zaidi. Chafya ya mtoto haiendi mahakamani. Lakini mwanamke huyu alikuwa na simu inayompa salamu kila wiki, na bado alikuwa amefiwa na mwanawe kwa miezi mitatu bila mwili, bila mkutano wa mazishi, bila mtu hata mmoja wa kumwambia pole. Kama mtoto wake alikuwa hai, alistahili kusikia sauti. Kama hakuwa hai, alistahili kaburi. Hilo lilikuwa swali ambalo Nyanchoka angeweza kulifanyia kazi.

"Tuanze siku aliyoondoka," alisema. "Ulimsindikiza?"

"Sikuwa nyumbani. Nilikuwa kwa mkutano wa wamama wa kanisa, Litein, Alhamisi mpaka Jumapili. Tuliagana asubuhi. Alibaki na Zack. Niliporudi walikuwa wameenda, nyumba imefagiwa. Zack alikuja wiki iliyofuata akaniambia amemfikisha salama."

"Zack ni mtu wa aina gani?"

"Mtoto mzuri. Ana heshima. Hata hiyo siku walikuwa wamenifanyia kazi. Huko chini, karibu na njia ya mto, kulikuwa na miti minne ya chai imezeeka. Waliing'oa wakapanda miche mipya. Zack aliniambia Kipkurui alitaka kuniachia kumbukumbu."

Nyanchoka aliweka kikombe chini.

"Walipanda chai Januari?"

"Januari."

"Kulikuwa na mvua?"

"Mvua gani? Kiangazi kikali. Nilishangaa. Nikasema hiyo miche haiwezi kufika Machi."

"Ikafa?"

"Twende ukaone mwenyewe."

Mama yake Nyanchoka alikuwa na ekari moja na nusu ya chai huko Nyamira. Miche huingia ardhini mvua ndefu zikishatulia, na mtoto aliyezaliwa ndani ya chai anajua hivyo kabla ya kujua kusoma. Kipkurui alizaliwa hapa. Asingeweza kupanda mche Januari, hata kwa utani. Mulot kwao Zack ni mahindi, ngano na ng'ombe. Mtu wa Mulot akiona pengo shambani, huwaza tu kwamba pengo likijazwa halitaulizwa.

Waliteremka kwa njia nyembamba, Rebeccah mbele na gambuti zake kubwa. Miti mizee ya chai ilikuwa bapa kama meza kila upande, kimo cha kiuno. Kisha kwenye ukungu palitokea minne iliyosimama juu ya mingine yote, mabega yake mapana, majani meusi kwa unene. Hakuna aliyekuwa ameigusa kwa muda mrefu.

Wachunaji watatu walikuwa mstari wa pili. Mmoja, mwanamke mrefu mwenye aproni ya plastiki, alisimama.

"Hapo hatuchunangi, madam."

"Kwa nini?"

"Majani ya hapo inarudi haraka sana. Ukichuna Jumatatu, Jumatano imejaa tena. Chai gani hiyo? Tuliambia mama tukaacha."

"Labda ni mbolea."

"Mbolea tunaweka shamba yote," mwanamke alisema, akarudi kwenye kazi yake. Lakini Nyanchoka aliona amebadilisha upande, ili asiipe miti ile mgongo.

Miche inayoingizwa kati ya miti mizee hunyang'anywa maji na kudumaa. Hii ilikuwa imewashinda wazee. Nyanchoka alipima kwa hatua. Kutoka mti wa kwanza hadi wa mwisho, futi saba. Upana, futi nne kasoro. Alichuchumaa. Katikati ya ile minne ardhi ilikuwa imebonyea, na maji ya mvua ya jana yalikuwa bado yametulia hapo. Alivunja kijiti, akakichomeka kati ya miti mizee; kilisimama baada ya kiasi cha kiganja. Akakichomeka katikati ya ile michanga. Kilizama hadi mkono wake ukagusa majani yaliyooza, na hakikuwa kimepata pa kusimama.

Shimo la mche wa chai halifiki futi mbili.

Alipanda juu hadi mahali penye mtandao, akampigia Bwana Orina.

"Umempata?" Orina aliuliza.

"Ulipoomba rekodi za uhamiaji, uliuliza nini?"

"Niliuliza kama amewahi kurudi. Wakasema hajarudi hata mara moja. Ndiyo maana nasema anapita njia za panya."

"Uliza kama alitoka."

"Alitoka vipi tena? Si tunajua alitoka?"

"Tunajua kwa nani, bosi?"

Orina alisikika akivuta kiti. "Nipe nusu saa."

Ilikuwa dakika arobaini. Nyanchoka alisubiri amesimama, kwa sababu hakutaka kuketi kwenye majani. Mara mbili alisikia hatua nyuma yake, na mara mbili akageuka akakuta ukungu tu na njia ya mto. Simu ilipolia, sauti ya Orina ilikuwa imeshuka.

"Hakutoka. Hakuna uwanja wa ndege, hakuna mpaka. Pasipoti yake haijawahi kugongwa muhuri na mtu yeyote. Sasa ile akaunti inachezwa na nani huko Mulot?"

"Mtu aliyemfahamu vizuri. Akaunti ina jina na sifa ya miaka sita, meza kubwa hazimwaliki mtu asiyejulikana. Na mwenye jina akiwa amehamia ng'ambo, hakuna anayeuliza mbona haonekani kanisani. Mbuthia alimwandalia Kipkurui njia safi ya kutokuwepo. Mwingine akaitumia."

"Zack."

"Waambie polisi wasimpigie simu kwanza. Wamfikie."

"Na wewe uko wapi?"

"Nafikiri," Nyanchoka alisema, "nimesimama hatua ishirini kutoka kwake. Kwa Kipkurui."

Amri ya mahakama ilichukua siku mbili. Asubuhi ya tatu polisi walimkuta Zack huko Mulot, katika chumba cha nyuma ya duka la pembejeo, kompyuta mbili zimewashwa na mchezo ukiendelea. Simu mbili zilikuwa mezani. Aliomba amalize mzunguko aliokuwa akicheza. Hakupewa nafasi hiyo.

Saa nne asubuhi hiyohiyo, huko Roret, polisi wanne walianza kung'oa chai. Daktari wa serikali alisimama pembeni na glavu zake. Rebeccah alikuwa ameambiwa asubiri nyumbani, akakataa, akageuza kikapu cha kuchunia akakikalia mwanzoni mwa njia. Cherotich alisimama nyuma yake. Wachunaji walikuja bila kuitwa, wakasimama mbali, vitambaa vimefunika vinywa.

Mizizi ilikataa. Mti wa kwanza ulitoka baada ya watu watatu kuuvuta pamoja, na mizizi yake ilikuwa mirefu kuliko mche wa umri huo, yote imeelekea upande mmoja, chini na katikati. Polisi aliyeishika aliiachilia haraka, akafuta mikono kwenye suruali. Hakuna aliyemtania.

Futi nne chini jembe lilishika kitambaa. Daktari aliwasimamisha, akashuka mwenyewe na mwiko mdogo. Lilikuwa koti zito la manyoya ya ndani, la kuvaliwa nchi za theluji, na kwenye zipu palining'inia bado kile kikaratasi cha dukani. Mizizi ya chai ilikuwa imeingia kwenye mkono mmoja na kutokea kwenye kola.

Nyanchoka alipanda hadi alipokaa Rebeccah. Alichuchumaa ili macho yao yalingane.

"Mama, alinunua koti la baridi?"

"La bluu," Rebeccah alisema. "Alinionyesha ile Alhamisi asubuhi. Nikamcheka, nikamwambia ataonekana kama kondoo."

Nyanchoka aliitikia kwa kichwa. Cherotich alianza kulia polepole, na wachunaji wakapokea, mmoja baada ya mwingine, hadi bonde lote likawa na sauti bila watu. Rebeccah hakulia. Aliangalia wanaume waliokuwa shimoni, akaangalia njia iliyopita kando yake kuelekea mtoni.

"Yule wa Kericho ana karatasi inasema mtoto wangu alihama," alisema.

"Anayo."

"Hiyo karatasi itolewe. Sitaki azikwe kama mtu wa ng'ambo."

"Itafutwa, mama. Nitaandika mimi mwenyewe."

"Utaandika nini?"

Nyanchoka alifungua daftari lake.

"Andika alikuwa hapa," Rebeccah alisema. "Andika siku zote alikuwa hapa, na mimi nikipita juu yake kila asubuhi nikienda kuchota maji."